Eulogio Baena, Aliyeonja Kila Jagi

Marehemu Eulogio Baena Cañete alizaliwa tarehe 11 Machi 1938 hapa Fuente Almendra, mkoa wa Córdoba, mtoto wa tatu wa mchuma zeituni. Alikuwa mwoga tangu utotoni, na familia haioni haya kulisema. Aliogopa radi, kisima, hata jogoo wa padri. Alisoma shule ya kijiji hadi umri wa miaka kumi na miwili, akaacha ili akachume zeituni.

Mwaka 1961 alifungua baa karibu na kanisa, na tarehe 4 Juni 1966 akafunga ndoa na Bi. Fuensanta Priego. Kinywaji kilichojaza baa hiyo kila kiangazi hakikuwa na utaalamu: nusu divai nyekundu, nusu soda nyeupe, barafu na limau. "Ukishindwa kuchanganya hii," alizoea kusema, "kachunge mbuzi."

Wengi wenu mlimwita Kwanza-Mimi, maana jagi halikutoka kaunta kabla hajalionja. Mlimwita na mlevi pia, watoto wake wakisikia. Mjane ameomba ukweli usomwe leo.

Mchana wa tarehe 15 Agosti 1967, sikukuu ya Bikira, soda ziliisha kaunta. Eulogio alikimbilia uani akarudi na chupa nne. Hakujua kwamba Bi. Fuensanta, mjamzito wa miezi saba, alikuwa amehifadhi maji ya magadi makali ya kupikia sabuni, yanayounguza koo hadi kuua, kwenye chupa ya soda, kama ilivyofanyika kila nyumba hapa kijijini. Maji yale hayakuwa na rangi, na kizibo kilikuwa kilekile. Majagi matatu ya udongo yalishatoka kwenda meza ya shemeji yake Casimiro. La nne lilikuwa la kioo, na alipomimina, divai iligeuka kijani mbele ya macho yake.

Alitambua papo hapo kuwa ni magadi. Hakujua mkewe alijaza chupa ngapi. Alitoka mbio, akaipindua meza na kila kilichokuwa juu yake.

"Temeni! Temeni nawaambia!"

"We shemeji, umelewa mchana kweupe?" Casimiro alifoka, shati limelowa divai.

Watu kumi na mmoja walishakunywa. Aliwatazama midomo mmoja mmoja, akingoja wa kwanza ashike koo. Hakuna aliyeshika. Jikoni alimkuta mkewe analia.

"Ulijaza ngapi, Fuensanta?"

"Moja tu, mume wangu. Haki ya Mungu, moja. Polisi watanichukua?"

"Wakuchukue kwa lipi? Mimi nilikuwa nimelewa. Umesikia? Nilikuwa nimelewa."

Hakumweleza mtu mwingine ukweli. Ila tangu siku ile, kwa miaka arobaini na mmoja hadi baa ilipofungwa, alionja kila jagi, akahesabu kimoyomoyo hadi ishirini akingoja koo limbabuke, ndipo akaliachia. Bi. Fuensanta anasema hofu ile haikumtoka kamwe. Siku ya mwisho alihesabu polepole kama ule mwaka wa kwanza.

Mwaka jana moyo ulianza kumsumbua. Jumanne tarehe 9 Julai 2019, akiwa kitandani nyumbani, aliomba glasi moja. Mkewe alipomletea, aliisukuma.

"Nani kaonja?"

"Mimi hapa. Haya, hesabu, mzee wangu."

Alihesabu hadi ishirini kwa sauti, ameshika shuka, macho hayabanduki mdomoni mwa mkewe. Kisha akanywa. Alifariki saa kumi alasiri.

Ameacha mjane, watoto wawili, Araceli na Casto, na wajukuu watano. Wa meza ile ya Agosti wako hai saba, akiwemo Casimiro, na wote wamesimama hapa kaburini. Ndio kwanza mnasikia alichokuwa akikiogopa. Alikuwa akiogopa kuwazika ninyi.

Mungu ampokee Eulogio mahali pasipo na la kuogopa.