Bi. Yudith Shekiondo na Mpango wa Kwemtindi

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bi. Yudith Shekiondo, Afisa Mipango, anastaafu baada ya kuitumikia idara yetu kwa miaka thelathini na mitatu. Mimi, Alen, niliyeanza kazi chini yake, ndiye niliyeombwa kuandika wasifu huu. Nauandika kwa aibu, na sababu mtaiona.

Alianzia kata ya Mnazi, kwenye joto la tambarare, kisha akahamishiwa milimani, ambako pikipiki ya ofisi ilimmwaga kwenye shamba la kabichi. Tangu siku hiyo alitembea kwa miguu. Ameviandalia vijiji ishirini na viwili mipango ya muda mrefu, na sharti lake lilikuwa moja: mpango haupitishwi mpaka usomwe wote, nukta kwa nukta, kwa sauti mbele ya mkutano wa kijiji, hata mvua ikinyesha. Tulimtania kwa jina la Mama Nukta, naye akaitika.

Mpango wa miaka kumi na mitano wa Kwemtindi, kijiji kidogo cha milimani cha Wambugu wafugaji, niliuandaa mimi. Kwa uvivu nilichukua wa kijiji kimoja cha tambarare, nikabadilisha jina tu. Bi. Yudith aliniamini, akausoma mkutanoni. Aliposoma habari za mikorosho watu walicheka mpaka machozi; korosho kwenye baridi ile! Alipofika kwenye malisho, mpango ulikuwa umeyageuza yote kuwa mashamba ya mkonge. Mzee Sefania akauliza kwa upole kama serikali imeshawahamisha bila kuwaambia. Hakuna aliyecheka tena.

Bi. Yudith alisema mbele ya wote kwamba kosa ni lake. Nilikuwa nimeketi hatua mbili kutoka kwake, nikainamia viatu vyangu.

Alirudi Kwemtindi wiki tatu mfululizo, akayazunguka malisho pamoja na wachungaji, akaandika upya. Ng'ombe wao wapo hadi leo. Yeye alipewa barua ya onyo, na kwa barua hiyo akanyimwa ukuu wa idara. Nikapewa mimi. Miaka kumi na mmoja nimekula naye makande kila mchana, wala hakuwahi kunigusia jambo hilo.

Bi. Yudith, jana nimemwandikia mkurugenzi ukweli wote; nakala utaikuta ndani ya bahasha ya cheti chako. Asante kwa kunifundisha kazi. Sote tunakuombea afya njema na siku ndefu za furaha nyumbani kwako. Mimi nakuomba msamaha, maana kiti ninachokalia ni chako.