Mliniombea Matumbwitumbwi

Bwana asifiwe! Aaa, hapana, mmejibu kama mimi wa zamani, midomo nusu. Bwana asifiwe sana! Ee, sasa nimesikia watu.

Ndugu zangu, mimi ni Wairimu wa kwaya ya vijana, yule msusi wa saluni ya Mama Shiku hapa Nakuru. Mnanikumbuka vizuri, kwa sababu si muda mrefu mliniita hapa mbele mkaniombea matumbwitumbwi. Mliomba kwa machozi! Leo nimekuja kuwaambia kwamba matumbwitumbwi sikuwa nayo.

Ngojeni, msicheke bado.

Nilizaliwa Longonot. Watu wa huko tunajijua. Tulikunywa maji ya kisima kirefu cha kuchimbwa na mashine, maji safi ukiyatazama, na sisi watoto wote tukaota meno ya kahawia. Nyumbani haikuwa kitu. Baba anayo, mathe anayo, hata mwalimu wangu wa kwanza alikuwa nayo, sasa nani angemcheka nani? Nilikuja Nakuru kujifunza ususi ndipo nikaambiwa nina kasoro. Saluni ni kioo mbele na kioo nyuma. Mteja mmoja, dada mrembo kweli, aliniona kwenye kioo nikicheka, akaniuliza, "Kwani wewe hupigi mswaki?"

Neno moja tu! Nilifunga mdomo siku hiyo na sikuufungua tena kwa miaka. Nilicheka mkono ukiwa usoni. Kwenye picha za harusi, mimi ndiye yule anayeonekana amenuna. Kijana mmoja mzuri alinipenda, nikawa namjibu kwa kichwa tu mpaka akachoka, akaenda zake. Hata kwenye kwaya niliimba kwa pua! Mwalimu Koech, anayetufundisha, alikuwa akisimamisha wimbo katikati: "Wairimu, fungua mdomo!" Nami nasogea safu ya nyuma.

Na nilijaribu kujitibu, jamani. Nilisugua kwa majivu, nikasugua kwa makaa, nikaweka chumvi na ndimu, mpaka siku moja nikachukua ile waya ya kusugulia sufuria. Nilisugua nikilia, fizi zinatoa damu, na rangi iko palepale. Niliomba pia. Nilimwambia Mungu anipe meno meupe, akanyamaza, nikamkasirikia. Ndiyo, nilimkasirikia, wacha niseme ukweli.

Kumbe wakati napigana na meno ya mbele, gego la nyuma lilikuwa linaoza. Likaanza kuuma. Niende kwa daktari wa meno? Nikafungue mdomo mbele ya mtu ambaye kazi yake ni kuangalia meno? Heri nife! Nilisema hivyo kabisa, na karibu nipewe nilichosema. Nikameza vidonge vya maumivu vya dukani, nikaendelea na kazi. Shavu likavimba. Jumapili nikaja hapa nimejifunga leso, na mama mmoja akasema, "Maskini, huyu mtoto ana matumbwitumbwi!" Nikaitikia kwa kichwa. Basi mkanizunguka, mkaniwekea mikono, mkakemea matumbwitumbwi mpaka spika zikalia. Nami nimesimama katikati yenu kimya, jino linanidunda hadi sikioni.

Ijumaa iliyofuata nilikuwa namsuka bibi harusi. Nikajaribu kumeza mate, hayashuki. Shingo imekuwa ngumu, mate yananidondoka kwenye bega la mteja wa watu. Mama Shiku, Mungu ambariki, akaja akanifungua leso mwenyewe. Akashtuka. "Wewe! Matumbwitumbwi gani haya? Twende!" Bibi harusi tukamwacha na nusu kichwa, tukapanda bodaboda, Mama Shiku amenishika kiuno nisianguke.

Hospitalini tulimpata daktari wa meno, mwanamke, amevaa barakoa. Akaniambia nifungue mdomo. Nikaufunika kwa mkono! Ndugu zangu, pumzi inanipungukia na bado naficha rangi ya meno! Yule daktari akanitazama, akauliza, "Nyumbani ni wapi?" Mama Shiku akanijibia, "Longonot." Daktari akashusha barakoa, akatabasamu.

Kahawia! Kahawia kuliko yangu!

"Mimi ni wa upande wa Gilgil," akasema. "Hii rangi si uchafu, dada. Ni madini ya maji tuliyokunywa tukiwa wadogo, meno yakijiunda. Haitoki kwa kusugua. Sasa fungua, kwa sababu kitu cha kukuua kiko huko nyuma."

Nikalia, nikafungua. Jipu lilikuwa chini ya ulimi, usaha unashuka shingoni. Walinilaza, wakanidunga dawa, wakapasua jipu, wakang'oa gego. Daktari aliniambia wazi kwamba kama ningengoja Jumapili nije tena kuombewa, njia ya hewa ingefungwa. Mngenizika mkijua nimekufa kwa matumbwitumbwi!

Sasa, je, maombi yenu yalipotea? Hata kidogo! Nyinyi mlilenga matumbwitumbwi, Mungu akalenga jino. Na mimi ambaye nilimwomba meno meupe, alinipa daktari mwenye meno kama yangu. Utukufu kwake!

Meno yangu ni yaleyale, haya hapa, tazameni. Daktari alisema kuna njia za kusaidia hiyo rangi kliniki, na siku nikitaka nitaenda, lakini waya nimeirudishia sufuria. Napiga mswaki laini na narudi kukaguliwa nikiitwa. Na baba nilimpigia simu. Ameweka mfereji kwenye mabati na tangi chini yake, na yule mdogo wetu wa mwisho, ambaye meno yake makubwa bado hayajaota, sasa anakunywa maji ya mvua. Nikimfikiria nafurahi hadi machozi.

Vijana wenzangu wa safu ya nyuma, nawaona. Huko ndiko nilikokaa. Labda kwako si jino. Labda ni uvimbe ulioufunika kwa sweta, au kikohozi unachokitolea nje ili mtu asisikie. Mpendwa, usituache tuombee kitu ambacho huna! Tuambie ukweli, tuombe pamoja, halafu uende ukaonwe na daktari. Ukiogopa, mimi nitakusindikiza. Jumatatu saluni huwa tumefunga, nina siku nzima. Mungu aliyenishika mimi kwa mikono ya Mama Shiku kwenye bodaboda ile atakushika na wewe, mwamini tu.

Mwalimu Koech, tupe sauti. Leo nasimama safu ya mbele. Nanyi simameni, shusheni mikono usoni, tuimbe. Nataka kuona meno!