Makufuli Matatu ya Ikimina

Kijiwe chetu kiko Rwezamenyo, kwenye benchi nje ya duka la Raihana, fundi cherehani. Raihana ndiye anayeongoza ikimina, kile chama chetu cha kuchangishana kila wiki. Jioni ile alikaa katikati yetu, simu mkononi, akatangaza: akiba ya wote iingie leo leo kwenye pochi ya mtandaoni, ile isiyo na benki nyuma yake, ikazae. Asiyejua angefundishwa hapo hapo, kahawa ikimiminwa. Nilikuwa naogopa, nisiseme uongo, maana na yangu imo.

— Iko rahisi, akasema Maneno, tunayemwita Dola kwa kuwa hajawahi kushika hata moja. Unabonyeza, unangoja. Mvumilivu hula mbivu, lakini mwenye haraka anakula mbele!

— Na ufunguo wa hiyo pochi? nikauliza.

— Ni maneno kumi na mbili ya siri. Ukiyapoteza, pesa imekwenda.

— Basi tugawane, akadakia Usumani, kijiweni jina lake Komeo. Sanduku ya ikimina iko na kufuli tatu, watu watatu. Na hii vilevile: kila mtu maneno manne kichwani, hakuna kuandika. Mali bila daftari hupotea bila habari!

— Lakini Komeo, si umesema tusiandike? nikamuuliza.

— Methali imesema daftari. Haijasema iandikwe.

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Hiyo ndogo, sha, akasema Dola. Kesho kutwa cherehani yenyewe itaweka akiba, kila mshono unaingia mtandaoni. Ukiharibu suruali ya mtu, mpaka Singapore wanajua!

— Nyamazeni! Raihana alikuwa amekasirika kweli. Kila faida wanakula wenye kujua, sisi tunabaki kuogopa kubonyeza. Mimi nataka hata asiyejua kitu aweze. Tunaanza leo.

Hapo ndipo alipofika mukecuru Gahongayire, bibi mzee mshona vifungo, aliyejiunga na ikimina wiki hiyo. Alisikiliza amesimama, akakataa kikombe.

— Mwanangu, juzi nilituma pesa kwa namba ya mtu mwingine. Nikapiga simu kwa kampuni, wakanirudishia. Kwa hii yenu, nikikosea, napigia nani?

Komeo akasogea, akampa nafasi kwenye benchi.

— Methali, Komeo? nikamchokoza.

Raihana akaiweka simu mapajani.

— Ya ikimina haiingii leo, akasema. Naingiza yangu, kidogo, peke yangu. Nitakosea mpaka nijue. Halafu, mukecuru, utanipigia mimi.