Kiti cha Mutiso na Uzi wa Saba

Sogeeni hapa kitandani, wanangu. Mirriam, kaa upande wa kichwa kwa sababu sauti yangu haifiki mbali, na wewe Mwenda panda hapa miguuni, usiogope kunikanyaga. Wosia ni kazi ya wazee, na mimi sina mvi hata moja, miaka thelathini na mmoja nitaifikisha mwezi wa nane kama nitafika. Lakini jana daktari alivuta kiti akaketi karibu nami na kuongea kwa upole, na daktari mwenye foleni ndefu kama ile haketi bila sababu. Baba yenu yuko Griftu na watu wa chanjo ya ng'ombe, lori lao litarudi Alhamisi, na mimi sina hakika na Alhamisi. Kwa hiyo nisikilizeni asubuhi hii, wakati kifua kimenipa nafasi.

Nianze na vitu vidogo. Cherehani ni ya Mirriam, na usimwazime mtu asiyejua kuitia mafuta. Blanketi la kahawia ni la Mwenda. Chupa ya chai yenye maua ni ya Zeinab, mke wa fundi Diriye, aliyeniletea maziwa ya ngamia siku niliyotoka hospitali. Isirudi kwake tupu, itieni chai nzito ya maziwa na mmpe kwa mikono miwili, kama yeye alivyonipa. Shangazi yenu wa kule Meru, ambaye tuliacha kusalimiana kwa ajili ya shamba la babu, mwambieni nimemwachia upande wa mtoni, na kwamba nilikuwa nikimkumbuka kila nikipika njahi, yale maharagwe meusi ya kwetu.

Sasa gitaa. Najua Mirriam umekuwa ukilitazama pale ukutani na kuona haya kuuliza. Ni lako, lakini lina sharti, na sharti lenyewe siwezi kulitaja kabla sijawaambia jambo ambalo nimelificha mwaka mzima, ambalo hata baba yenu halijui. Mkimaliza kunisikiliza mtaniona mdogo. Nioneni hivyo, ni haki yenu.

Tulipofika Garissa mwaka wa tisini na mbili, Mwenda ulikuwa ukinyonya na Mirriam ulikuwa na miaka sita. Baba yenu alitumwa Mandera wiki ile ile. Maji yaliletwa na mkokoteni wa punda, na mwenye punda alisema Kisomali tu, akipita mlangoni kwangu haraka kabla sijapata neno. Mzee Mutiso, mlinzi wa kanisa letu, aliliona hilo akiwa pale getini. Kwa siku tisa alivuka barabara kila asubuhi, akasimamisha punda, akanisemea, akabeba mtungi wa kwanza mwenyewe hadi jikoni. Siku ya kumi alisimama mbali, akaniacha niseme "biyo" kwa kinywa changu. Nilipopewa maji alinipigia makofi kama mtoto aliyesimama dede.

Ni yeye aliyesikia nikipiga gitaa nikiwabembeleza, akaenda kuwaambia wanakwaya, "Yule mama mpya wa Meru ana mkono. Mkimwacha akae nyumbani, mtakuwa mmelala." Yeye alikuwa akipiga besi, gitaa kubwa la nyuzi nne alilolichonga kwa mkono wake, na alikuwa na kiti chake, kile kigoda cha miguu mitatu, mwisho wa benchi la kwaya. Vidole vyake viwili havikunjiki vizuri, kwa hiyo kila sauti yake ilifika ikiwa imechelewa kidogo, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Nilivumilia, na baadaye nikazoea.

Halafu ikaja mvua ile kubwa ya mwaka wa tisini na saba, mto ukatoka mahali pake na maji yakaingia hadi kitandani. Mwenda, wewe ulibebwa mabegani na Mzee Mutiso, ukamshika masikio. Alipokufikisha pakavu alirudi majini. Nilidhani anafuata unga. Alirudi amelibeba gitaa langu juu ya kichwa, unga ukabaki, na gitaa lake la besi, lililokuwa kwenye kibanda chake cha getini, alilifikia la mwisho. Lilikuwa limelala ndani ya maji tangu asubuhi. Mbao zikavimba. Kuanzia hapo besi yake ikawa na sauti ya debe lililofunikwa gunia.

Nilijua kwa nini ilikuwa hivyo. Nataka mlishike hilo, kwa sababu ndilo linalonichoma kuliko yote. Nilijua, na bado kila Jumapili nilikunja uso aliposhika uzi.

Wakati huo ndipo nilipoanza kumsikia Diriye. Mnamjua kama fundi wa vitanda pale karibu na soko, lakini kule Kismayu alikuwa mtu wa kaban, lile gitaa lao lenye tumbo la duara. Nilipeleka kiti kitengenezwe, nikamkuta anapiga wakati akingoja gundi ikauke. Kulikuwa na sauti moja ya chini kabisa aliyokuwa akiigusa mara chache tu, na kila alipoigusa nilihisi kitu kimekaa chini ndani ya mwili wangu. Sijui nikuelezeeje, Mirriam, lakini utalijua siku yako ikifika. Gitaa la nyuzi sita lina mahali linapokwisha. Unashuka na wimbo, unashuka, mkono unatafuta pa kukanyaga na hapapo, inabidi uruke urudi juu kama mtu aliyekosea mlango. Babu yenu aliyenifundisha alikuwa akisema gitaa lililo peke yake huwa linamwita mwenzake. Uzi wa saba unamaliza kuita. Dole gumba linashuka hadi chini na kubaki huko, vidole vingine vinaimba juu, na mtu mmoja anakuwa nyumba yenye watu. Tena tumbo la gitaa linatetemeka juu ya tumbo lako, kwa upole, kama mtoto anayegeuka. Mtu aliye mbali na kwao akionja sauti hiyo hatoshwi tena na sita.

Hayo yote ni kweli, na kama ningekuwa nimeutaka uzi kwa hayo tu, leo nisingekuwa na la kuficha. Lakini mimi niliutaka pia ili nisimhitaji Mutiso.

Nilimpelekea Diriye gitaa langu. Aliligeuza, akagonga mgongo wake kwa kidole, akaniuliza swali moja. "Abaayo," aliniita hivyo, dada, "kwa nyinyi nani anakaa chini? Nani anashika sauti kubwa?"

Nikamjibu, "Hakuna mtu."

Maneno mawili. Mutiso wakati huo alikuwa getini, labda akifagia.

Diriye alinitazama kwa huruma nisiyostahili. Akasema, "Basi nafanya. Chini bila mtu ni baya sana." Akakataa kabisa kusikia habari ya malipo. Alichonga mfupa wa ngamia wa kupitishia nyuzi na kuukata mistari saba, akazisogeza zile nyuzi sita zibanane ili ndugu yao apate nafasi. Akatoboa kichwa cha gitaa na kutia kijiti cha kukazia kama cha kaban yake. Uzi wenyewe aliutengeneza kwa waya wa breki ya baiskeli, akauzungushia waya mwembamba wa shaba aliotoa kwenye dainamo iliyokufa, mzunguko kwa mzunguko, siku mbili nzima, macho yakimtoka machozi kwa kukazana.

Mnakumbuka watu walivyokuja kuliona. Mwalimu Gelle alisema ni kama nyumba iliyoongezwa chumba. Yule askari wa kambini alisema, "Mama, nishike tu hiyo ya chini, mara moja, halafu naenda zangu," akakaa hadi chakula cha mchana. Nilifurahi. Nilijiona mtu.

Jumapili ya kwanza nilipiga na uzi wa saba mbele ya kanisa zima. Tulipomaliza, kiongozi wa kwaya alisema, "Sasa besi tunayo ndani ya gitaa moja," na wote wakanigeukia. Neno moja langu lingetosha. Ningesema tu, "Mzee abaki." Badala yake niliinama, nikajifanya nakaza uzi ambao haukuwa umelegea. Nikamsikia Mutiso akicheka kidogo na kusema, "Basi mzee amepewa likizo." Akalifunika gitaa lake kwa kitambaa, akabeba kigoda chake, akaenda kukaa nacho getini. Na baada ya ibada, nilipopita, alisimama kunifungulia. "Mama Mirriam," akasema, "uzi wako unafika mahali vidole vyangu havikuwahi kufika." Hakuwa akinikejeli. Mutiso hajui kukejeli. Mngejua nilivyotamani anitukane.

Haikupita miezi miwili, Diriye akaja hapa mlangoni, akakataa kuingia.

"Abaayo, mzee wa geti ameniletea gitaa kubwa. Anasema nigeuze sanduku ya kuku. Anasema haina kazi tena."

Nikaokota ufagio, nikaanza kufagia kizingiti.

"Mimi nakuuliza mara ya pili. Siku ile ulisema chini hakuna mtu?"

"Nilisema."

"Na huyu mzee ni nani?"

Nilitazama miguu yangu. Akasema taratibu, na maneno yake nimeyaweka yote: "Kismayu tulikuwa watu tano ya muziki. Mtu ya chini alikuwa Bulle, rafiki yangu. Risasi ikamchukua, ndio mimi nikaongeza kaban yangu uzi ya chini, ile mahali yake isikae tupu. Wewe mtu yako ako hai. Anakufungulia geti." Akashika mlango kama mtu aliyechoka. "Mimi sichukui tena kitu nilishatoa. Kijiti unakijua. Kulegeza ni kazi ya mkono yako."

Mwaka mzima, wanangu, mkono wangu haukufanya kazi hiyo. Nilipiga, nikasifiwa, nikapita getini, nikafunguliwa. Nilipoanza kukohoa na kushindwa kubeba maji, nani amekuwa akileta mtungi kila asubuhi? Mirriam, uliniuliza kwa nini nageukia ukutani akiingia. Ulidhani ni maumivu. Ni aibu. Namwona akitembea kwa ncha za vidole asiniamshe, na mimi macho wazi, nimejifunika.

Ngojeni. Nipeni maji kidogo.

Sharti la gitaa ni hili. Uzi wa saba hauna kosa, ulitengenezwa na mtu aliyekuwa akimlilia mwenzake. Usiutupe, Mirriam. Nitakaposindikizwa, gitaa lipigwe na nyuzi sita, na wa saba ulegee, na upande wa chini akae Mzee Mutiso, vidole vyake vichelewe vinavyotaka. Msimharakishe. Baada ya hapo, ukitaka kuukaza tena, nenda kwanza kwake, uombe kwa kinywa chako. Akikubali, kaza. Akikataa, ngoja. Na popote utakapopiga maishani, kabla hujashuka chini, tazama nani ameketi huko.

Inama, tazama chini ya kitanda. Usistuke. Diriye hakulikata lile gitaa la mzee. Alilitundika ukutani kwake mwaka wote, akalikausha polepole, akabadilisha mbao zilizovimba. Zeinab alilileta jana mlipokuwa shule, limefungwa ndani ya shuka. Watu wa sokoni walimuuliza kama siku hizi amekuwa mwanamuziki, akawajibu amebeba mtoto wa wenyewe. Tulicheka naye hadi kifua kikanikatalia.

Nitoleeni langu hapo ukutani. Liweke hapa, juu ya tumbo. Taratibu. Hapo.

Sikilizeni, huu ndio wenyewe. Mwenda, weka mkono hapa ubaoni. Umeuhisi? Sasa naulegeza. Kijiti kigumu hiki. Diriye hafanyi kitu cha mchezo. Mirriam, usinisaidie, acha. Ni kazi ya mkono wangu.

Unashuka. Mnasikia? Bado ni sauti. Bado. Sasa ni waya tu.

Nimechoka, lakini nimepata nafuu. Mungu asiwapungukie, wanangu. Mahali popote mtakapokuwa wageni, awape mtu wa kuwasimamishia punda. Na mkishakuwa wenyeji, awape macho ya kumwona mtu huyo. Mwenda, vaa viatu ukitoka. Mirriam, mwambie baba... atajua. Mwambie alinipendeza na kofia ile.

Namsikia nje, anaweka mtungi chini. Anaweka polepole, anadhani nimelala. Sitageukia ukutani leo. Niinueni kidogo, mto huo. Hivyo.

Nenda mlangoni, Mirriam. Mwambie aingie. Mwambie aje na kiti chake.