Paa la Mama Gachanja

Benchi letu liko Lindi, Kibera, nje ya chumba cha Mutanu, pale njia inapoteremka kuelekea mtoni. Mutanu anauza kahawa ya tangawizi kwa birika, na wateja wake wa kila siku ni sisi: Mulei, tunayemwita Redio kwa sababu hazimi, Duncan, zamani makanga wa matatu, sasa jina lake ni Breki kwa sababu kila jambo lazima aseme lisimame kwanza, Musembi, fundi wa mabati kutoka Kitui, ambaye ni Nyundo, na mimi, Soli, nashona viatu. Kila mwaka mvua ya Machi ikikaribia, mtaa mzima hugeuka karakana. Watu wanazibua mitaro, wanakandika kuta kwa udongo mpya, na Nyundo hata chakula anapandishiwa huko huko juu ya mapaa. Lakini mwaka wa 2008 Machi ilifika na hakuna aliyepanda paa. Wakubwa wa siasa walikuwa wameshikana mikono kwenye TV, ati vita ya uchaguzi imeisha. Huku kwetu watu walikuwa bado wanalala na viatu.

— Mawingu imekaa juu ya Ngong tangu jana, Mutanu alisema, akimmiminia Nyundo kahawa. Na hiyo paa umeiona.

Sote tuliiona. Chumba cha jirani yake, Mama Gachanja, kilikuwa na kufuli mlangoni tangu Januari. Vibanda vya kando ya reli vilipochomwa, mama huyo alitoka asubuhi na godoro kichwani akaenda kambi ya wakimbizi ya showground pamoja na Wakikuyu wenzake. Upepo ulikuwa umeinua mabati mawili ya paa lake, yanapiga kelele kila ukivuma.

— Maji ikiingia huko, ukuta unalowa, Mutanu aliendelea. Na ule ukuta ni mmoja, wake na wangu. Utaniangukia na watoto.

— Ngoja kwanza, Breki alisema. Wale vijana wa kule juu wakiona umetengeneza nyumba ya mtu waliyemfukuza, watasema unamwekea nafasi. Na watu wake wakikuona, watasema unamng'olea mabati. Sasa utajibu nani?

— Hiyo ni ndogo, Redio alidakia. Kule Gatwekera kuna jamaa alipiga msumari mmoja tu. Mmoja. Askari wa GSU wakadhani ni bunduki. Walikuja lori zima.

— Nani alikuambia?

— Watu. Na ile ndege ya polisi inayozunguka hapa, mnadhani inatafuta wezi? Inapiga picha mapaa. Bati mpya inang'aa, si ndiyo? Kwa hiyo wanajua nani anarekebisha, yaani nani hana mpango wa kuhama. Hao ndio wataanza nao.

— Kuanza nao kufanya nini? niliuliza.

— Hiyo hawajasema.

Siku nyingine tungecheka. Siku hiyo Breki aliangalia juu, nami nikajikuta naangalia juu pia.

— Na sisi Wakamba saa hii hatuna pa kusimama, Redio akaongeza, sauti imeshuka. Kila upande unatuhesabia upande ule mwingine.

Hapo hakuwa anaongeza chumvi.

Nyundo alikuwa hajasema kitu, na tulijua sababu. Januari alikuwa Kawangware juu ya paa kwenye plot ya mzee Nderitu, nyumba zake za kupangisha, anapigilia mabati, wakati vijana walisimama chini wakamwambia ataje jina na aongee wamsikie ni wa wapi. Sauti ilikataa kutoka. Mzee Nderitu ndiye aliyetoka nje, akasimama mbele ya ngazi, akasema huyu ni fundi wangu, nimemleta mimi. Waliondoka polepole, wakigeuka kuangalia nyuma. Nyundo alirudi Kibera kwa miguu, akasukuma vifaa vyake chini ya kitanda, na tangu hapo alikuwa anakuja benchini kila asubuhi kama mtu aliyestaafu.

— Huyu wangu mdogo alizaliwa Mama Gachanja akinishika, Mutanu alisema. Hakuna gari ilikubali kuingia. Alikaa na mimi mpaka kukapambazuka, halafu akaenda kuuza mboga zake za sukuma bila kulala. Sitakaa hapa nikunywe kahawa nyumba yake ikianguka. Nyundo, usipopanda, napanda mimi.

Nyundo aliweka kikombe chini.

— Utavunjika shingo, alisema. Lete ngazi.

Alileta vifaa vyake kutoka chini ya kitanda, akazungushia nyundo kitambaa ili isilie sana. Ngazi ilitetemeka alipokuwa anapanda, na haikuwa ngazi mbovu. Breki alitupanga sisi watatu benchini tukiangalia pande tatu, akatuambia tuongee kawaida. Hatukujua kawaida inaongewaje. Hata Redio alikosa habari. Juu yetu ilisikika tuk, tuk, tuk, sauti ndogo ya mtu anayeomba radhi.

Alikuwa amemaliza bati la kwanza wakati mwanaume mmoja alitokea upande wa reli. Hatukumjua. Viatu vyake vimejaa vumbi, gunia begani. Alisimama chini ya ngazi, akaweka mkono juu ya macho, akamwangalia Nyundo.

Tuk, tuk ikakatika. Nyundo alibaki ameinama vile vile, misumari mdomoni.

— Niaje, Breki alisema.

— Poa. Hii nyumba ni ya nani?

Nilimwangalia Redio. Redio alimwangalia Breki. Kama huyu ametumwa na wale wa juu, ukimtaja Mama Gachanja umeichoma nyumba. Kama ni ndugu yake Mama Gachanja, ukisema ni yetu umejiita mwizi.

— Ni ya... plot, Redio alisema.

— Sisi tunakunywa tu kahawa, Breki alisema.

Mutanu alikuwa ameinamisha birika na kahawa inamwagika chini, hana habari. Ndiye aliyepata nguvu ya kuuliza:

— Kwani wewe unatafuta nani?

— Sitafuti mtu, mama. Akatua gunia, akaendelea: Naitwa Wepukhulu. Tumetoka Naivasha, nilikuwa nafanya kazi kwa shamba la maua. Vijana walikuja nyumba kwa nyumba wakitafuta asiye Mkikuyu, tukatoka na nguo tulizovaa. Bibi yangu Kavetsa ako hapo kwa reli na watoto. Tumekuwa tukilala kanisani, sasa kanisa inataka nafasi yake. Nimeona fundi juu, nikasema pengine kuna chumba.

Nyundo alitema misumari kiganjani. Breki alicheka, akajikuta anacheka peke yake, akaacha. Mimi nilisikia jasho likinipoa mgongoni, na hofu ilipoondoka niliona aibu. Tulikuwa tumemwogopa mtu aliyekuwa na woga kuliko sisi.

— Kuna mtu anakaa humo? Wepukhulu aliuliza.

— Kulikuwa na mama mmoja, Mutanu alisema. Alienda showground.

Hakuuliza kwa nini. Aliangalia ile kufuli.

— Yetu ya Naivasha pia niliacha nimefunga hivyo, alisema. Sijui nani anakaa sasa. Halafu akatugeukia, mmoja mmoja, akauliza: Huyo mama atarudi?

Redio alifungua mdomo. Huyu ni mtu ambaye alijua ndege ya polisi inapiga picha gani. Aliufunga tena. Breki alianza kukwaruza tope kavu kwenye kiatu chake. Kama tungesema harudi, chumba kingepata watu siku hiyo hiyo. Kama tungesema anarudi, nani alikuwa ameshaona mtu akirudi?

— Fundi, malizia, Mutanu alisema mwishowe. Na wewe lete watoto kabla mvua. Leo mtalala kwangu. Hiyo ya chumba, mimi sijui.

Mvua ilishuka jioni ile, nzito, ya kupiga mabati mpaka usisikie mtu wa karibu. Asubuhi njia ilikuwa matope matupu na ukuta ulikuwa umesimama. Mutanu alitumiminia kahawa macho yakiwa mekundu.

— Tumelala tumekaa, alisema, watoto wamepangana kwa magoti yetu. Yangu imevuja kona mbili. Nikiweka sikio kwa ukuta, kule kwa Mama Gachanja hakuna hata tone. Chumba kizima kikavu, na hakuna mtu.

Wepukhulu alikuwa amekaa mwisho wa benchi na kikombe chake. Hakuuliza tena. Tulikunywa kahawa, sisi watano, na hakuna aliyegeuza kichwa upande wa ule mlango wenye kufuli.