Elijah Gachau Kagwe, Aliyetibiwa kwa Mwanga

Marehemu Elijah Gachau Kagwe alizaliwa tarehe 14 Machi 1984 huko Kalimoni, mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Kagwe Nduati, aliyetutangulia, na Mama Emmah Wanjeri, aliyeketi hapa mbele. Wa kwanza ni mimi Ngendo ninayesoma. Kamati ya mazishi imenipa ukurasa mmoja na kuniomba nizungumzie marehemu, si mimi. Nitajaribu.

Alianza shule ya msingi hapo Kalimoni mwaka 1991. Akiwa darasa la tatu alianguka kifafa kwa mara ya kwanza, wakati wa gwaride la asubuhi. Watoto walikimbia kwa sababu waliambiwa lile povu linaambukiza. Mimi nilibaki. Baadaye tuligundua kwamba kabla ya kuanguka alisikia harufu ya maziwa yaliyoungua, hata mahali pasipo na moto. Akiisikia alininyoshea kidole chake cha mwisho, nami nilikishika kwa changu, tukatafuta mahali pa kukaa kama watu wanaopumzika tu. Hatukumwambia mtu, hata Mama. Akizinduka nilimwambia neno moja: "Imepita." Alimaliza kidato cha nne Juja mwaka 2002, ingawa alikosa masomo mengi.

Mwaka 2004 aliajiriwa Thika katika duka la vifaa vya ujenzi la Bwana Navnit, ambaye yuko nasi leo na mkewe Lata. Bwana Navnit alimkataza kugusa ngazi. Alizoea kumwambia, "Gachau, wewe kaa chini. Kitu iko juu, ita mwingine." Wateja walimpenda kwa sababu hakumuuzia mtu rangi kabla ya kumuuliza kama ukuta una unyevu. Alikunywa dawa alizoandikiwa bila kuruka, lakini kifafa hakikumwachilia.

Ndipo binamu wa Lata, daktari huko India, alipotazama picha za ubongo wa Gachau akasema kuna kovu dogo lililojificha ndani sana, na linaweza kuchomwa kwa leza bila kupasua fuvu. Kanisa likachanga. Nauli ilitosha mgonjwa na mtu mmoja wa kumsindikiza. Paspoti yangu ilikuwa tayari, imefungwa kwa leso yangu nzuri. Kamati ya kanisa ikamchagua Beth Muringo, mwanakwaya kutoka Ruiru, kwa kuwa yeye ni muuguzi. Mama akaniambia, "Ngendo, wacha mwenye anajua hiyo kazi aende." Nikabaki Kalimoni kukamua ng'ombe.

Mnamo Septemba 2017 madaktari walitoboa tundu dogo kichwani, wakapitisha uzi mwembamba unaobeba mwanga, wakalichoma lile kovu huku wakilitazama ndani ya mashine. Alirudi na alama ambayo nywele ziliifunika upesi. Majirani walimkagua kichwa kama wanaotafuta chawa, na mmoja akasema, "Huyu alienda India kutembea tu." Dawa alizipunguza polepole kwa maagizo ya daktari, na tangu siku ile hakuanguka tena. Nilimshukuru Mungu. Lakini ule mwanga niliuonea wivu, kwa sababu asubuhi moja tu ulimaliza kazi iliyonishinda tangu utotoni.

Marehemu alifunga ndoa na Beth tarehe 8 Desemba 2018, wakajenga nyumba mtaa wa Kimbo. Alicheza kwenye arusi yake mpaka wapiga muziki wakaanza kukunja nyaya. Kisha akajifunza kuendesha baiskeli, mtu mzima mwenye ndevu. Jumapili moja niliwaona wakitoka kanisani, Beth amekaa nyuma, wote wawili wanacheka. Niligeuka nikajifanya nachagua nyanya. Mimi nilikuwa nimepewa Gachau wa kuanguka, na Beth akapewa Gachau wa baiskeli. Binti yao wa kwanza alipewa jina la Mama, wa pili la mamake Beth. Wa tatu, kwa desturi yetu, angepewa la dada ya baba, awe Ngendo, lakini hawakupata wa tatu.

Mwezi wa Juni mwaka huu wa 2025 alishikwa na nimonia kali, akalazwa Thika. Kifafa hakikuhusika. Aliwekewa mpira mdomoni, hakuweza kusema. Waliruhusu mtu mmoja tu kuingia, na bila shaka huyo ni mke. Mimi nilikaa kwenye benchi la nje. Alituacha tarehe 19 Juni, Alhamisi, alfajiri.

Kwenye mkutano wa mazishi Beth alinivuta kando. "Tata Ngendo," akasema, akiniita shangazi kama wanavyoniita binti zake, "alikuwa ananinyoshea hiki kidole kidogo. Nikadhani ile clip ya kidoleni ya kupima oxygen inamuuma, nikaitoa. Akanyosha tena. Nikakishika tu, sikujua anataka nini. Wewe unajua?"

Nikarudi mkutanoni. Gachau alikuwa ameniachia kitu kimoja tu ambacho Beth hana, na sikuwa tayari kumgawia. Nililala nacho nikijiambia, alikuwa ananiita mimi.

Beth, nisikilize sasa, mbele ya watu wote. Natamani kile kidole kingekuwa jina langu. Hakikuwa jina la mtu. Kilisema, "Inakuja, kaa hapa mpaka ipite." Hukujua, na ulikaa. Hata hilo nakuonea wivu.

Marehemu ameacha mama yake Emmah Wanjeri, mjane wake Beth, binti zake Wanjeri na Mukami, na mimi dada yake. Wakati wa kutupa udongo, Beth, nitakuomba unipe kidole chako.

Pumzika kwa amani, Gachau. Imepita.