Chumvi ya Mfukoni

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, hamjambo? Wenye presha nawaona, na waliowasindikiza wenye presha nawaona pia, na hao wasindikizaji ndio ninaowataka zaidi leo. Mwenyekiti wa kikundi kaniomba niseme nilivyoteremsha presha yangu kwa chakula cha nyumbani. Nitasema. Lakini ndugu zangu, nawaambia mapema, habari hii haianzii kwenye presha yangu. Inaanzia kwenye presha ya mama yangu, na mama yangu hayupo tena.

Wengi hapa Nguvumali mnanijua kwa kazi. Mimi ni mpishi wa shughuli. Ukiwa umeoa au kuolewa mitaa hii, pengine pilau yako niliipika mimi. Chumvi siipimi kwa kijiko, naitia kwa kiganja, nadondosha mchuzi mkononi, naonja, basi. Nilikuwa najisikia sana kwa ajili ya ulimi wangu huu. Nikialikwa kwa watu nikakuta chakula kimepooza, narudi nyumbani nasimulia wiki nzima. Mke wangu alikuwa ananiambia, "Ulimi wako una maneno kuliko ladha." Nilikuwa nacheka.

Mama alikuwa anakaa kwetu. Alipogundulika na presha, daktari alimwandikia vidonge, akasema vimezwe kila siku bila kuruka, kisha akasema chumvi ipungue sana, na ng'onda na papa mkavu aviache kabisa. Jamani! Mama yangu amekulia pwani, samaki wa chumvi kwake ndio kitoweo, vingine vyote ni vya kubahatisha. Alitoka kwa daktari amenuna kama aliyenyang'anywa kiwanja.

Mke wangu akalichukua jambo lile mikononi mwake. Vile vidonge vya mchuzi vya dukani akavitoa jikoni vyote. Akaanza kutengeneza viungo vyake mwenyewe: vitunguu saumu anavianika juu ya ungo, tangawizi, giligilani, pilipili manga na mdalasini alivyonunua kwa mama mmoja anayeteremka navyo kutoka milimani, Amani. Anatwanga, anachekecha, anatia kwenye chupa. Samaki anamkamulia ndimu mapema, anamwacha anywe. Mchicha anautia ukwaju. Hata sakafu ya chumba cha mama aliacha kuideki kwa ile dawa kali ya dukani, kwa sababu ilikuwa inamkohoza. Alichemsha mchaichai, akayakamulia ndimu maji yake, akadekia hayo. Masufuria akayasugua kwa majivu. Chumba cha mama ukiingia unasikia harufu ya bustani.

Na chakula kile, wallahi, hakikuwa kibaya. Naweza kusema leo. Wakati ule nilikionja mara moja, nikakunja uso, nikasema, "Haya ni maji ya kunawia." Nilisema mbele ya mama.

Sasa sikilizeni nilivyofanya. Mama aliniita chumbani siku moja mchana. Sahani iko mbele yake, hajagusa. Akaniambia, "Mwanangu, mkeo ananitunza, Mungu amlipe. Lakini mimi na kula tumeshaachana." Alisema huku machozi yanamlengalenga. Mtu mzima yule, aliyenifundisha mimi kushika mwiko. Mfukoni mwa shati nilikuwa na chumvi nimeifunga kwenye kikaratasi, mabaki ya shughuli ya jana yake. Nikaifungua. Nikamnyunyizia. Mama akala mpaka akafuta sahani kwa kidole. Akasema, "Hii iwe yetu mimi na wewe." Nikatoka pale najiona mtoto mwema kuliko watoto wote wa Tanga.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Kila nilipokuwa nyumbani, mimi ndiye niliyempelekea mama sahani yake. Mke wangu alifurahi, alidhani nimeanza kumsaidia. Nikifika chumbani, kikaratasi. Siku nyingine kipande cha ng'onda ndani ya kitambaa. Mama anacheka kama msichana, ananipiga kofi la begani. Ndugu zangu, zile zilikuwa siku tamu, na utamu wake ndio unaoniuma.

Presha ya mama haikushuka. Kila wakienda kliniki, mke wangu na mama, ipo palepale au imepanda. Vidonge anameza, mke wangu anamhesabia. Siku moja muuguzi akamgeukia mke wangu mbele ya foleni nzima akamwuliza, "Dada, huyu mzee nyumbani unampikia nini?" Mke wangu akaeleza: ndimu, ukwaju, viungo anavyotwanga mwenyewe. Muuguzi akamtazama kama anayesikia uongo. Mke wangu akarudi nyumbani hana sauti; mama ndiye aliyenisimulia. Na alifanya nini? Ile chumvi kidogo aliyokuwa anatia, aliyoruhusiwa na daktari, akaiondoa nayo. Akaanza kula chakula kilekile cha mama, yeye mwenyewe, aone kosa liko wapi. Mama akasema chakula sasa kimezidi kupooza. Nami nikazidisha kikaratasi.

Mnaona? Yeye anapunguza, mimi naongeza. Tulikuwa tunavutana juu ya sahani ya mama, na mmoja wetu hajui kama kuna kuvutana.

Ilitokea asubuhi. Mama alikuwa amekaa barazani anasuka ukili wa mkeka. Mke wangu alikuwa uani anaosha vyombo, mimi nakunywa chai. Nikaona ukili umemponyoka, anautafuta kwa mkono mmoja, wa pili umelala pajani haujui kitu. Nikamwita. Akanigeukia, mdomo umekwenda upande. Tulimkimbiza hospitali. Akakaa siku chache, akafariki bila kusema neno la kueleweka. Mara ya mwisho alinishika mfuko wa shati. Mke wangu alidhani anatafuta leso.

Msibani watu walijaa. Dada yangu mkubwa alilia kwa uchungu, na katika kilio kile akasema, mbele ya wanawake wote: "Mama yetu kafa na njaa! Mkaza mwana kamlisha majani na ndimu kama mbuzi! Mama alikuwa ananiambia chakula hakiliki!" Mimi nilikuwa mlangoni, nimeleta sinia. Nilisikia kila neno. Mke wangu aliinamisha kichwa, akaendelea kuchambua mchele. Akanitazama mara moja tu, si kwa kushitaki, ananitazama kama mume wake, labda nitasema kitu.

Nikaweka sinia chini, nikatoka.

Nataka mnione vizuri nilivyokuwa. Mfukoni mwangu saa ile mlikuwa na kikaratasi. Sikukitoa siku zote zile, sijui kwa nini. Nilikuwa nakigusa.

Baada ya pale wanawake wa ukoo waliacha kula alichopika mke wangu. Hawakugomba. Ukiwaandalia wanasema wameshiba. Yeye hakunilaumu hata siku moja. Arobaini ilipopita akafunga nguo zake, akasema anakwenda kwao Pongwe kupumzika. Nilimsindikiza mpaka barabarani nimembebea mzigo. Nikasema, "Ukipona moyo, rudi." Moyo! Yeye ndiye aliyekuwa na moyo wa kupona, mimi mwenye ugonjwa nikabaki nyumbani.

Nikaanza kujipikia. Chumvi tele, ng'onda tele, kana kwamba namlisha mama. Ulimi wangu ukaharibika. Katika harusi moja, sitasema ya nani, niliharibu masufuria matatu ya pilau. Wageni walionja, wakasukuma sahani mbele kwa adabu, wakaomba maji. Bibi mmoja akaniuliza, "Mwanangu, umeipikia bahari?" Wenye shughuli waliacha kuniita. Kichwa kikawa kinaniuma kisogoni, macho yanafanya ukungu. Nikaenda kliniki, ileile, nikakutana na muuguzi yuleyule. Hakunijua, mimi nilimtambua kwa swali lake. Akanipima, akapima tena. Akakunja uso, akauliza, "Kaka, nyumbani nani anakupikia?"

Nikasema, "Najipikia mwenyewe."

Akaandika, huku anasema chinichini, kama mtu anayezungumza na kalamu yake, "Basi leo hatuna mwanamke wa kumgombeza."

Ndugu zangu, nililia pale kwenye benchi. Watu walidhani nimeambiwa nakufa. Mtakuja kunifariji baada ya hapa, najua, mtaniambia siku ya mama ilikuwa imefika. Nami naamini hivyo. Hakuna daktari aliyeniambia ni chumvi yangu. Lakini kitu kimoja sihitaji daktari: mke wangu alivunjiwa heshima kwa kosa langu, nami nikasimama mlangoni na sinia.

Nilikwenda Pongwe siku ileile. Nilimkuta anapepeta viungo, hakuwa ameacha. Nikamweleza kila kitu, kikaratasi, ng'onda, mfuko wa shati. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaweka ungo chini. Akasema, "Miezi yote ile nilidhani ni mkono wangu. Nilikuwa nauangalia mkono wangu." Kisha akasema, "Kunieleza mimi ni rahisi, mume wangu. Waeleze walionisema." Akachukua ungo wake, akaingia ndani. Chai hakunipa, nami sikustahili.

Dua ya mwaka ya mama ilikuwa karibu. Ukoo ulipokusanyika, kabla ya chakula kupakuliwa, nilisimama nikasema kama ninavyosema kwenu. Nilisema vibaya, nikikatakata maneno, lakini nilisema. Dada yangu alikuwa ameshika upawa. Akauliza, "Wewe? Na ulinisikia siku ile?" Nikasema nilisikia. Akasema, "Toka mbele ya macho yangu." Nikatoka. Mpaka leo mimi na dada ni salamu na hali tu. Lakini kesho yake asubuhi alivaa baibui akaenda Pongwe. Aliyemrudisha mke wangu nyumbani ni dada, si mimi. Waliingia wameshikana mikono, macho yamewavimba wote wawili, na mimi hakuna aliyenisemesha mpaka magharibi.

Presha yangu imeshuka, alhamdulillahi. Vidonge nameza, msije mkaondoka hapa mkasema fulani kapona kwa ndimu. Nakula alichokuwa anakula mama: ndimu, ukwaju, viungo vya kutwanga. Ulimi ulinichukua muda kuzoea. Siku nilipoanza kuonja utamu wa samaki mwenyewe, bila kitu cha kumfunika, nilisimamisha tonge. Mama angeufikia utamu huu. Alihitaji wiki chache tu za kuvumilia, na mtu wa kukaa naye asimwonee huruma ya kijinga. Sikumpa. Hilo haliponi.

Nyumbani kwetu kopo la chumvi liko katikati ya meza, kifuniko wazi. Nilimwuliza mke wangu mbona halifichi. Akasema, "Mimi sijawahi kuficha kitu kwenye nyumba hii." Nikala, sikuligusa. Sijaligusa mpaka leo, lakini kila mlo nalitazama.

Namshukuru muuguzi yule, ingawa hajui alichonifanyia. Namshukuru dada yangu, aliyeweza kufanya nilichoshindwa. Na mke wangu, sijui namshukuruje. Nyinyi mnaowapelekea wagonjwa sahani, hilo ndilo nililowaletea: mgonjwa akishindwa kula, rudi jikoni na sahani ile, useme kwa sauti, mpishi asikie. Usimalizie chumbani.

Yale masufuria mnayoyaona pale mlangoni ni ya mchana wetu wa leo, na aliyepika ni mke wangu. Chumvi ametia kwa kijiko, cha chai, nimehesabu. Mtakula. Mkiona kimepooza, msiniambie mimi, wala msinung'unike pembeni. Nendeni mkamwambie yeye, usoni. Atawasikiliza. Mimi na mama hatukumpa hata nafasi hiyo.